Karani wa Masanduku ya Kuazima

Walisema hataweza. Madereva wa Kandara, mtaa wa Jeddah, walisema, wapakiaji wa mizigo walisema, hata mwenye duka aliyempa meza ya kuandikia alisema, tena mbele yake, huku akimmiminia kahawa.

"Mji huu hauna anwani, ya sheikh. Nyumba haina namba, njia haina jina. Wewe utazitoa wapi?"

Mzee aliinua kalamu yake nene, akaitazama ncha, akajibu, "Nitazitoa zilipo." Kisha akarudi kwenye katoni aliyokuwa akiiandika.

Mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliosema. Silifichi, kwa sababu wakati ule nilikuwa na kila haki ya kujiamini. Katika ukoo wetu kule Voi mimi ndiye wa kwanza kupata diploma, na diploma yenyewe ni ya maghala na uchukuzi, nimeisomea darasani nikaifanyia mtihani, sikuinunua mtaani. Nilikwenda Saudia miaka ile mawakala walipokuwa wakizunguka mpaka vijijini kutafuta madereva na wasichana wa kazi za nyumbani. Wenzangu wengi wamerudi na blanketi moja na kikohozi. Mimi nimejenga nyumba ya mawe, nina ofisi ya vifurushi yenye pikipiki tatu, na jina langu limepakwa rangi kwenye bati kubwa linalosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini kazi inayonilisha leo, kazi ya kuhakikisha kitu kinamfikia mwenyewe, sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na yule mzee, na ada niliyolipa nitaisema.

Sisi wote tulimwita Karani. Alikozaliwa na nani alimzaa hakupenda kuulizwa, nami sitayatafuta leo. Ukimsikiliza ulijua ni Mzanzibari, wa zile familia zilizohamia Uarabuni baada ya mapinduzi, na hiyo ilitosha. Alikuwa mwembamba, kanzu yake safi lakini mkono wa kulia wenye madoa ya wino mpaka kwenye kiwiko. Alikaa mlangoni mwa duka la kusafirisha mizigo, hatua chache kutoka kituo cha zamani cha mabasi, na kazi yake ilikuwa kuandika anwani.

Watu walileta katoni zao: sabuni, shuka, maziwa ya unga, viatu vya watoto vilivyokisiwa ukubwa. Karani aliziandika pande zote sita. Ukimwambia upande wa chini hauonekani, atakuuliza kama umewahi kuona mpakiaji anayejua upande wa chini ni upi. Lakini kabla hajaandika herufi moja, lazima akuhoji, na mahojiano hayo watu walikuja kuyasikiliza kama mchezo wa redio.

Nakumbuka msichana mmoja wa kwetu, aliyeletwa dukani na madam wake ili atume katoni. Madam alibaki garini.

"Inakwenda kwa nani?" Karani aliuliza.

"Kwa mama."

"Mama nani?"

"Mama Kevin."

"Kevin ndiye nani?"

"Kaka yangu mkubwa."

"Na kwenye kitambulisho cha serikali mama yako ameandikwa Mama Kevin?"

Msichana alicheka, halafu akaacha kucheka. Hakujua. Sisi tuliokuwa pale ndio tulioangua kicheko.

"Umekula ugali wake miaka ishirini na ngapi," Karani alisema, "na jina lake hulijui? Posta hawatamjua kwa Kevin. Chukua simu ya duka. Mwambie akusomee kitambulisho, herufi moja moja, na asiruke."

Akapiga. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. "Anaitwa Peninah Wakesho," alisema polepole, kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni. "Sikujua anaitwa Peninah."

"Sasa unajua. Jina zuri." Akaliandika kubwa kuliko alivyozoea.

Lilikuwa kosa letu sote. Tumelelewa na Mama fulani na Baba fulani, tukavuka bahari bila kujua majina ya waliotuzaa. Madereva walipenda kuwacheka wasichana kwa hilo, mpaka Karani aliponigeukia na kuniuliza jina la bibi yangu mzaa mama. Sikulijua.

Swali la pili lilikuwa la sanduku. Kwetu ni wachache wenye sanduku la posta la kwao wenyewe. Mtu hutumia la shule aliyosoma, la kanisa, la msikiti, la zahanati, la mwenye duka. Unaandika jina lako, chini yake "kupitia kwa" fulani, halafu namba. Tumezoea hivyo kiasi kwamba hatuoni kuwa ni kuazima. Karani aliona. Kila sanduku lilipotumiwa kwa mara ya kwanza, alimwandikia mwenye sanduku barua kwa mkono wake, akajitambulisha, akaomba ruhusa. Aliyemwandikia hakumjua wala hatamwona maishani. Mwalimu mkuu wa huko, mchungaji wa kule, muuza mafuta ya taa wa pengine. Majina yao aliyaweka kwenye daftari la jalada jekundu.

"Ukiazima jembe la jirani unamwomba," alisema. "Mlango wake wa barua utauingiaje bila hodi?"

Desturi hiyo alijifunza kwa Waswidi. Enzi za ujana wake alikuwa karani wa barua kwenye kambi ya wajenzi Waswidi nje ya Riyadh, kwenye mchanga mtupu, na kambi nzima ilikula, ililala na kupokea barua kwa sanduku moja la kampuni. Fomu zao zilikuwa na mistari miwili. Mmoja ulitaka jina la barabara, na huo waliuacha wazi kwa sababu barabara haikuwepo. Wa pili uliandikwa neno moja refu, postadress, na huo ulijazwa. Mhandisi mmoja mzee, aliyependa maneno kuliko saruji, alimweleza neno hilo lilikotoka, na Karani alitueleza sisi mara nyingi hata wapakiaji waliweza kulikariri.

Nusu ya kwanza, alisema, Waswidi hawakuizaa. Waliipata kwa Wafaransa na Wajerumani, nao waliitoa kwa Wataliano, ambao kwao posta ilikuwa mahali palipowekwa farasi wa kubadilisha, ili mjumbe asisimame. Chini kabisa ni Kilatini, kitu kilichowekwa mahali. Nusu ya pili ni ya Wafaransa moja kwa moja, na mwanzo wake ni kunyoosha, kumwelekeza mtu njia. Waswidi wakazichukua hizo mbili, wakazigandisha bila nafasi katikati.

"Hata Mswidi, na utajiri wake wote, ameazima kuwili," alimaliza hivyo kila siku. "Sisi posta tumeazima kwa Mzungu, anwani tumeazima kwa Mwarabu. Hakuna aliye na neno lake la kusema yuko wapi. Kila mtu anakaa kwenye sanduku la mwenziwe."

Niliwahi kumwambia kwamba hayo ni mambo ya vitabuni, hayamfikishii mtu katoni.

"Ahaa, Diploma kasema," alijibu. Hilo ndilo jina alilonipa, na kwa miaka sita sikusikia akiniita jingine. "Hebu ilete hiyo diploma hapa ishike kalamu."

Hakuwa mtu rahisi. Aliwatukana madereva kwamba ni wavivu wa macho, na bila madereva asingeweza kazi yake. Aliwaandikia watu wote anwani, lakini yeye mwenyewe alilala nyuma ya duka kati ya marobota ya magunia, ikama yake, kibali cha ukaazi, iko kwa kafili, mdhamini aliyemwona mara moja kwa mwaka. Sikumwona akipokea barua hata moja iliyokuwa yake. Aliwahimiza wasichana wawapigie mama zao, na dada yake aliyekuwa Maskati alikufa wakiwa hawajasemezana kwa miaka mingi. Alituambia habari hiyo huku akipuliza chai, halafu akauliza ni nani anayefuata.

Malipo yake yalikuwa kidogo na hakuyadai. Kitu alichokidai ni mtu kusema asante kwa sauti. Ukiondoka kimya alikuita urudi.

Daftari la pili, la jalada jeusi, ndilo lililowafanya watu waseme hataweza. Lilianza kwa simu. Siku moja simu ya duka ililia, mwenye duka akampa Karani kwa kuwa aliyepiga alisema Kiswahili. Alikuwa mwanamke, analia, ameipata namba kwenye kipande cha katoni. Anasema anapigwa.

Karani akamuuliza, "Uko wapi, mwanangu?"

Akajibu, "Niko jikoni."

Ndiyo anwani aliyokuwa nayo. Alikuwa katika nyumba ile miaka miwili, aliingizwa humo na gari kutoka uwanja wa ndege, na alichokijua ni jiko, ngazi na chumba cha kufulia. Karani alimuuliza kama anasikia adhana ya karibu, kama kuna bakala, kiduka cha rejareja, ng'ambo ya njia, kama ukuta ni mweupe. Simu ikakatika. Hakupiga tena. Karani alikaa na mkono juu ya simu ile mpaka mwenye duka akaja akamwondoa kwa upole.

Kesho yake akaanza. Aligundua kwamba nyumba zisizo na namba zina mita ya umeme ukutani nje, na kila mita ina namba yake, na kwa namba hiyo shirika la umeme halipotei. Akawageukia madereva. Kila mlango unaopita na ndani yake kuna dada yetu, alisema, shuka, soma mita, uniletee namba pamoja na jina la msichana na msikiti ulio karibu. Hapo ndipo walipomcheka. Lakini namba zikaanza kuingia, moja moja, zimeandikwa kwenye risiti za petroli na maganda ya sigara. Kabla ya mwaka kwisha daftari jeusi lilikuwa limejaa mitaa ya Al-Hamra na kwingineko, na nilimshuhudia mwanamke mmoja wa Kilifi akitolewa na askari kwenye nyumba ambayo hakuna ambaye angeweza kuieleza, kwa sababu ya tarakimu ambazo dereva wa Kihindi alizinakili kwenye kiganja. Waliosema hataweza wakanyamaza. Baadhi walidai waliamini tangu mwanzo.

Sasa nije kwa Selina.

Selina ni wa kwetu Voi, nyumba yao na yetu zinatazamana. Mama yake hana sanduku, hutumia la baba yangu, na Karani alishamwandikia baba barua ya kuomba ruhusa. Baba aliiweka kwenye Kurani yake kama kitu cha thamani. Kwa bahati Selina aliajiriwa Al-Hamra, mtaa ule ule wa bosi wangu niliyemwendeshea gari. Nilimwona akitoa taka asubuhi. Hakuruhusiwa simu. Barua zake kwa mama yake nilizipokea mimi, nikazipeleka Kandara, Karani akaziandika bahasha. Mita ya nyumba ile nilikuwa nimeshaisoma. Alikuwa ndani ya daftari jeusi, amehifadhika.

Halafu madam wake akahamia Riyadh na nyumba yote, na Selina akahamishwa kama friji.

Miezi ikapita. Siku moja bosi wangu na mkewe, madam wangu, walikuwa na safari ya Riyadh, nami nikawaendesha. Madam alikuwa rafiki wa madam wa Selina, akataka kumtembelea. Mtaa ulikuwa mpya, kaskazini mwa mji, kuta ndefu na mageti yanayofanana. Dereva mwenye adabu hasimami mbele ya geti la mtu. Unamshusha madam kwenye kona, unaondoka, unangoja mbali pasipo na mlango wa mtu. Mimi niliambiwa nikangoje kwenye maegesho ya duka kubwa mwanzo wa mtaa, nikangoja huko.

Selina aliniona akiwa anapeleka mifuko ya taka. Akaja mbio, abaya imemzidi urefu. Alikuwa amekonda, na alikuwa akijifunika mkono wa kushoto.

"Kaka, nitoe hapa," alisema. Hakunisalimu. "Mkataba uliisha Ramadhani ya mwaka jana. Paspoti hawanipi. Nikisema nyumbani, madam ananifungia juu."

"Mlango wako ni upi?"

"Ule wa kahawia."

Nikatoa simu. Ilikuwa simu mpya, nimeinunua kwa pesa yangu, nikabonyeza, nikahifadhi mahali pale. Nikamwonyesha kile kidoa chekundu kwenye ramani. "Umeona? Nimeshakushika hapa. Watu wa jumuiya yetu ya Wakenya watakuja na askari. Wewe vumilia kidogo."

Alikitazama kidoa kile kama mtu anayetazama dawa. "Mwambie mama niko salama," alisema. Akarudi kwenye mifuko yake. Sikumtazama alikoingia, maana madam wangu alikuwa anapiga simu niende kumchukua pale kwenye kona, yalla, yalla.

Niliporudi Jeddah nilikwenda moja kwa moja kwa Karani. Akafungua daftari jeusi, akaandika Selina, akaandika Riyadh, akasubiri.

"Mita?"

"Mzee, location ninayo. Hii hapa. Si lazima mita tena."

"Hiyo umeichukulia mlangoni?"

"Kwenye gari. Ni pale pale."

"Gari ulisimamisha wapi?"

"Karibu."

"Diploma." Alishusha kalamu. "Simu yako imejiandika yenyewe ilipo. Haijamwandika yeye."

Nilikasirika. Nilimwambia dunia imesonga, kwamba setilaiti haikosei, kwamba yeye amebaki kwenye kambi ya Waswidi na farasi wa Wataliano. Watu walicheka, na walikuwa wakimcheka yeye. Ile safu ya mita aliiacha wazi.

Wiki mbili baadaye vijana wa jumuiya walikwenda na askari, wakafuata kidoa changu. Kiliwapeleka kwenye maegesho ya duka, kati ya matoroli. Mbele yao mtaa mzima wa mageti, na mageti yote ya kahawia. Wakanipigia.

"Bro, geti gani?"

"La kahawia," nilisema.

"Yote ni kahawia."

Nilisikia askari akiuliza kitu kwa Kiarabu, halafu akasema halas, basi. Hawagongi nyumba za watu moja moja kwa kubahatisha.

Hapo nilifanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kwa kuwa ninajua kusema na watu, na madam alinipenda kwa uendeshaji wangu, sikuwahi kumpigisha breki ya ghafla, nilimuuliza kwa heshima nyumba ya rafiki yake ni ya ngapi kutoka dukani. Alicheka. Akachukua simu yake hapo hapo, kiti cha nyuma, akampigia. "Dereva wangu anamtafuta mtumishi wako," alisema, kwa furaha ya mtu anayepeleka umbea. Nilikuwa nimeshika usukani na niliendelea kuushika.

Karani alipojua hakunitukana. Ndiyo mara pekee aliyokosa la kunitukana. Alifunga meza yake, akamwomba mwenye duka ruhusa, akapanda basi la Riyadh. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Alifikia mtaa wa Manfuha kwa watu wasio na ikama, kumi katika chumba kimoja, na kila alfajiri aliondoka kwenda ule mtaa kusubiri saa ya taka. Alipita kwenye kuta akisema Kiswahili kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na simu. "Hamjambo wa ndani? Kuna wa Kenya hapo? Mnamjua Selina wa Voi?" Wakati mwingine ukuta ulijibu. "Hatujambo, baba. Huyo hatumjui." Sauti nyingine ilimwomba amwandikie namba yake, naye aliisoma mita na kuiandika. Alirudi na wasichana wapya tisa kwenye daftari, na wote waliomba kitu kile kile, watolewe.

Siku ya kumi na moja, mmoja kutoka juu ya paa, akianika nguo, alimwonyesha kwa kidevu. Geti la saba kutoka kona. Karani alinakili mita kwanza, ndipo akabonyeza kengele. Alitoka mlinzi, mtu wa Sudani, mpole.

"Yule wa Kenya? Alitolewa hapa."

"Lini?"

"Kabla sijalipwa mshahara wa mwezi uliopita. Kwa gari, wakati wa magharibi. Hakutembea mwenyewe vizuri."

"Alipelekwa wapi, ndugu yangu?"

"Mafi malumati, hajji. Hakuna aliyeniambia."

Kabla sijalipwa mshahara. Nilihesabu siku. Ilikuwa wiki ile niliyomuuliza madam.

Tulimtafuta kila palipowezekana kutafutwa. Mahali penye makazi ya waliotoroka, mahali penye mahabusu, mahali penye vitanda na mahali penye majokofu. Jina lake halikuwepo kwa walio hai wala kwa waliokufa. Wala paspoti yake haikuonekana imetoka nchini. Karani aliijaza ile safu ya mita kwa wino mweusi, tarakimu zote, safi kabisa. Mstari ule ulikuwa umetimia kuliko mistari mingine yote ya daftari, na mwenyewe hayumo ndani ya nyumba.

Mwaka uliofuata serikali ilianza kubandika vibao kwenye kila nyumba, namba ya jengo, namba ya eneo, na herufi zake. Nilipita tena mtaa ule na bosi. Geti la saba lilikuwa na kibao kinang'aa. Ungeweza kumwandikia mtu yeyote barua pale na ingefika.

Mara ya mwisho kumwona Karani ilikuwa wiki yangu ya kuondoka. Nilikuwa nimemaliza, hati ya kutoka imegongwa, masanduku yangu ya nguo matano, si moja. Nilikwenda Kandara kumuaga nikiwa nimevaa saa mpya. Duka lilikuwa linauza vifuniko vya simu. Mizigo siku hizo ilipokelewa kwingine, kwa kompyuta, nayo haikukubali mtu ambaye jengo lake halimo. Karani alikuwa bado pale, kwenye kona, meza imepunguzwa nusu. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Aliniambia nikae.

Mbele yake palikuwa na rundo la bahasha zimefungwa, na daftari jekundu lile la wenye masanduku. Alikuwa akiwaandikia wote, mmoja mmoja. Barua fupi. Aliwashukuru kwa sanduku walilomwazima fulani, akasema sasa analirudisha, hakuna atakayewasumbua tena kwa jina lake, na wamsamehe kama kuna barua iliyowahi kuwachosha miguu. Alikuwa amefuta majina yote daftarini kwa mstari ulionyooka. Lilibaki moja.

"Hilo la baba yako," alisema.

"Mzee, hilo liache."

"Kwa nini?"

"Anaweza kuandika. Selina. Siku yoyote. Ataandika kupitia huko."

"Diploma, baba yako anakwenda posta kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Na mama yake anamngoja mlangoni anaporudi?"

Alikuwa anajua. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe.

"Kitu cha watu kisiporudishwa, mwenye nacho hapumziki," alisema. "Mimi nimebakiza siku chache za kuona. Siwezi kuwaacha wazee wawili wanatembea kwa ajili ya daftari langu." Akaivuta karatasi karibu na pua, akaandika. Aliandika polepole sana. Nilisikia wino ukikwaruza. Alipomaliza aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akaandika jina la baba yangu, namba ya sanduku, Voi. Jina la mama yake Selina hakuliandika. Akalipitishia mstari jina lililobaki daftarini, akalifunga daftari.

"Hii sitaitia posta. Wewe unakwenda. Mpe mkononi."

"Nitampa."

"Na mama yake utamwambia gari ulisimamisha wapi."

Nilisema nitamwambia. Akaniambia niseme kwa sauti, na nikasema kwa sauti, mbele ya wateja wa vifuniko vya simu. Akanishika mkono kwa vidole vyake vya wino. Hakuniita Diploma wakati wa kuagana. Hakuniita kitu.

Barua niliifikisha. Baba aliisoma mara mbili, na Ijumaa ile hakwenda posta. Mama yake Selina hukutana nami sokoni kila wiki, na habari ya gari bado sijamwambia. Huniuliza hali ya biashara, nami humwambia biashara ni nzuri.